Itaingia Tu

Kuna maneno mawili ningependa yazikwe Kariakoo, tena bila matanga: "Itaingia tu."

Nimeyasikia kwa fundi simu, kwa muuza chaja, kwa muuza betri za pikipiki. Lakini sijawahi kuyalipia kama nilivyoyalipia kwenye kaunta ya RAM. Unamwambia muuzaji kwamba una kompyuta ya mezani, unataka kuiongezea kumbukumbu. Hakuulizi ni kompyuta gani, ya mwaka gani, wala ina nini ndani. Anatumbukiza mkono kwenye boksi lililojaa vipande vya kijani, anatoa kimoja, anakifuta kwenye shati, anasema: "Hii hapa GB 8, bosi. RAM ni RAM. Itaingia tu."

Na kweli inaingia. Huo ndio ugomvi wangu.

Mama yangu mdogo ana steshenari Morogoro, jirani na chuo. Ana mashine ya kopi, printa mbili, na kompyuta mbili za mtumba, zote Dell OptiPlex 7010, zile nyeusi zilizotapakaa nchi nzima baada ya ofisi za ng'ambo kuzichoka. Moja ina GB 8. Nyingine ilikuwa na GB 4, yaani vipande viwili vya GB 2. Ukifungua kivinjari chenye kurasa sita, Word na skana kwa pamoja, kishale kinaganda, mteja anaanza kutazama saa. Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu lilikuwa linakaribia kufunguliwa, na msimu huo ndio unaolipa kodi yake ya fremu. Vijana wanapanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa kwenye bahasha, wengine wanafuatana na wazazi. Kila mmoja anataka kuskaniwa, kujaziwa fomu, kuprintiwa, kwenda kutia sahihi, kurudi, kuskaniwa tena.

Alinipigia jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine imeanza kunitia aibu mbele ya watu. Wewe uko huko mjini, nitafutie hiyo RAM."

Mimi ndiye msomi wa ukoo. Picha yangu ya mahafali iko ukutani kwake, juu ya friji. Nilisema sawa, kesho, jambo dogo.

Muuzaji wa kwanza alinitajia elfu 35, kisha akanionea huruma: nikimletea vile vipande vya zamani, ananiachia kwa elfu 25. Nikampigia mama mdogo, nikamwambia avichomoe avitume kwa basi. Alivichomoa yeye mwenyewe huku nikimwelekeza kwa simu, akavifunga kwenye karatasi ya A4, vikafika kesho yake. Nikavikabidhi, nikachukua changu cha GB 8, nikakipeleka stendi. Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa sababu kosa hilo ni langu wala si la mtu mwingine: kompyuta ya mama mdogo ilibaki haina kumbukumbu hata chembe, na vile vilivyokuwa vikiiwasha vilikuwa vimeshaingia kwenye lile boksi.

Kipande kilifika Morogoro. Kikaingia, vishikio vya pembeni vikajifunga kwa ule mlio mzuri unaokuhakikishia kwamba mambo yamekaa sawa. Akabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ya kitufe ikaanza kumetameta rangi ya chungwa, kioo kikabaki cheusi.

Nilipomrudia muuzaji, hakuuliza hata swali moja. Alisema: "Basi bodi yenu imekufa."

Hebu tusimame hapo kidogo, maana hapa ndipo uongo ulipokaa.

Kipande cha RAM cha kompyuta ya mezani kina mkato mdogo kwenye ukingo wenye pini. Mkato huo hauko katikati barabara, na kila kizazi kina mahali pake. DDR2 na DDR3 vyote vina pini 240, lakini mkato umehamishwa, kwa hiyo huwezi kukiweka kimoja mahali pa kingine bila kukivunja. DDR4 na DDR5 vina pini 288 kila kimoja, na hapo pia mkato umehamishwa. Kazi hiyo ilifanywa makusudi. Umeme wenyewe haulingani: DDR2 inakula volti 1.8, DDR3 1.5, DDR4 1.2, DDR5 1.1. Wahandisi walijua kwamba mkono wa binadamu hukosea, wakauwekea kizuizi.

Ila mkato wa DDR3 unajua kizazi tu. Haujui ukoo. Ndani ya DDR3 kuna RAM za kompyuta za kawaida na kuna RAM za seva, na zote zina pini 240, mkato mahali palepale. RAM nyingi za seva zina chipu ya ziada katikati, inayopokea amri na anwani kutoka kwa prosesa kisha kuzigawa kwa chipu nyingine, ili seva iweze kubeba vipande vingi bila prosesa kuelemewa. Prosesa ya ile kompyuta ya mama mdogo, Core i5-3470, haijui kuongea kupitia mpatanishi. Inataka kuongea na chipu moja kwa moja. Ikikutana na kipande cha namna hiyo, haiwaki. Bodi haijafa, na kipande hakijafa. Hawa wawili hawaelewani lugha, na waliofungishwa ndoa na mtu aliyetazama urefu wao tu.

Na kwa nini boksi la muuzaji limejaa RAM za seva? Kwa sababu ni rahisi. Seva zikizeeka zinavunjwavunjwa, vipande vyake vinauzwa kwa wingi, na kwa kuwa kompyuta chache za nyumbani zinaweza kuvitumia, bei yake inaanguka. Bei ikianguka, muuzaji asiyesoma lebo anaona faida. Anayesoma lebo naye anaiona, na huyo ndiye mbaya zaidi.

Maana lebo ilikuwepo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nilikuwa nimekipiga picha kile kipande kabla ya kukituma, niringe kwenye kundi la familia. Nikaikuza picha usiku ule. Iliandikwa: 8GB 2Rx4 PC3-12800R. Kila kitu nilichohitaji kujua kilikuwa pale, kwa herufi zilizosomeka, mbele ya macho yangu mawili na digrii yangu moja.

PC3 ni kizazi, DDR3. Ingekuwa PC3L, ni ile inayoweza kutumia volti 1.35, kompyuta nyingi za volti 1.5 huipokea, lakini zipo zilizotengenezwa kwa 1.35 tu, nazo haziitaki ile ya zamani. 12800 ni uwezo wa kupitisha data kwa sekunde, megabaiti 12,800. Ukiigawanya kwa 8 unapata 1600, ile kasi ambayo watu wanaitaja kila siku. Ukichanganya kipande cha 1600 na cha 1333, vyote vitatembea mwendo wa yule mzito. Herufi ya mwisho ndiyo hukumu: U ni ya kompyuta ya kawaida, S ni fupi ya laptopu, E ina ulinzi wa makosa, R ni ile ya mpatanishi. Na 2Rx4 inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa, kwamba kila moja inatoa biti nne kwa wakati mmoja. Prosesa za Intel za kompyuta za nyumbani zinataka chipu za biti nane, au kumi na sita. Zile za nne hazizitambui.

Hili la mwisho lilinigharimu mara ya pili.

Muuzaji wa kwanza aligoma kurudisha fedha, akakubali kubadilisha. Safari hii alinipa kitu kipya kabisa, kwenye pakiti, kimevikwa bati jekundu pande zote mbili kama gari la mashindano. Niliangalia herufi ya mwisho: U. Nikajiona mjanja. Kikapanda basi, kikaingia, taa ikametameta chungwa. Kumbe ziko RAM zinazotengenezwa kwa chipu za biti nne na kuuzwa bei ya chini, zinazokubaliwa na baadhi ya bodi za AMD na kukataliwa na Intel. Pengine huandikwa hivyo kwenye pakiti kwa maandishi madogo. Yangu iliandikwa nyuma, chini ya stika ya bei. Na lile bati, ambalo kazi yake ni kupoza, lilikuwa limeficha chipu, kwa hiyo hata kama ningejua kuzihesabu nisingeweza.

Siku ya kumi hiyo. Dirisha lilikuwa limeshafunguliwa. Mama mdogo alikuwa akihudumia foleni nzima kwa kompyuta moja, mpaka saa nne usiku. Kuna binti ambaye vyeti vyake vyote vilikuwa vimeskaniwa kwenye ile kompyuta iliyolala. Alikuwa ametoka kijijini, ameshalipa, na bahasha ya nakala halisi ameiacha kwa mjomba wake Kilosa. Mama mdogo alimlipia nauli ya kwenda na kurudi. Hakuniambia mimi, niliambiwa na binamu yangu.

Nimewasimulia watu kisa hiki na nimepewa majibu ya aina tatu. Yote matatu yananikera.

La kwanza: mtu wa kawaida hana haja ya kujua mambo haya, ndiyo maana kuna mafundi. Linasikika kama unyenyekevu. Mimi naliona ni uvivu uliovaa kanzu. Hatumtaki mama ntilie awe mkemia, lakini tunamtaka ajue chumvi na magadi si kitu kimoja ingawa vyote ni vyeupe. Mfululizo wa herufi kumi kwenye stika si uhandisi. Watu haohao wanaoniambia hawana haja ya kujua wanaweza kukutajia megapikseli za kamera za simu nne na nani alimpa nani pasi ya goli la mwisho mwaka juzi. Kichwa kipo. Kinachokosekana ni hisia kwamba kitu kilicho ndani ya lile boksi ni chetu pia, kwamba tuna haki ya kufungua mfuniko na kutazama.

Tena tazama jinsi sisi tuliosoma tunavyokuwa mbele ya kaunta. Tunaogopa kuuliza. Swali litatuonyesha hatujui, na mtu mwenye digrii hapaswi kutojua, kwa hiyo tunatikisa kichwa kwa uzito, tunakigeuza kipande mkononi kana kwamba tunakikagua, tunalipa. Niliigiza hivyo mbele ya yule muuzaji. Nadhani hata yeye alikuwa akiigiza. Tulikuwa waigizaji wawili, na anayekata tiketi ni mama mdogo.

Jibu la pili: tafuta kwenye intaneti jina la kompyuta yako, utaambiwa inataka nini. Ni ushauri mzuri, na ndio ninaoutoa leo, ila una mtego. Ile 7010 ya mama mdogo ni ya 2012. Mwaka 2023 Dell ilitoa kompyuta nyingine kabisa ikaiita OptiPlex 7010, yenye prosesa za Intel za kizazi cha 13, na hiyo haitumii DDR3 hata kwa kuombewa. Ukitafuta jina bila kutazama mwaka, unaweza kusoma kwa makini mwongozo wa mashine isiyo yako. Hata prosesa peke yake haitoshi: zile za Intel za kizazi cha 6, za 2015, zinakubali DDR4 na pia DDR3L, na kinachoamua ni bodi iliyofungwa. Kwa hiyo usianze na jina. Anza na kipande kilichomo ndani tayari, kinachofanya kazi. Kichomoe, kisome, kipige picha, kirudishe. Ukiogopa kufungua, kuna programu ya bure iitwayo CPU-Z itakayokusomea; kwenye Linux andika dmidecode. Kisha hesabu mashimo yaliyobaki. Kisha uliza bodi inakubali jumla ya kiasi gani: ile 7010 ya zamani, yenye mashimo manne, mwisho wake GB 32. Na kama Windows yako ni ya biti 32, funga pochi yako kwanza, maana haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijazia mashimo yote.

La tatu ndilo linalonichemsha: "Achana na makumbukumbu hayo, nunua kompyuta mpya." Husemwa na watu ambao hawajawahi kulipa kodi ya fremu. Ni kweli Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na ni kweli prosesa ya 2012 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Lakini kujaza fomu, kuskani na kuprinti ni kazi ambazo Linux inazifanya kwenye mashine hiyohiyo bila manung'uniko, mradi kumbukumbu ipo. Na RAM mpya sasa si ya kuchezea. Mwishoni mwa 2025 bei zilipanda kwa kasi kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinanyonya kumbukumbu kuliko viwanda vinavyoweza kutoa, na Desemba mwaka huo Micron, mmoja wa watengenezaji watatu wakubwa duniani pamoja na Samsung na SK Hynix, ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Wakubwa wamechagua wateja wao. Vipande vya DDR3 vilivyomo kwenye maboksi ya Kariakoo na Luthuli, Nairobi, ndivyo vitakavyobeba steshenari zetu kwa miaka kadhaa ijayo, na sisi bado tunavichota kwa viganja kama karanga.

Sisemi wauzaji wote ni wezi. Aliyetuokoa ni muuzaji pia, kijana wa makamo mwenye meza chini ya ngazi, mita mia moja tu kutoka kwa yule wa kwanza. Aliniuliza maswali manne kabla hajagusa kitu. Alipopata majibu akasema nisichukue kimoja cha GB 8, nichukue viwili vya GB 4 vinavyofanana. Nilidhani ananipandishia bei. Akanieleza: prosesa ile ina njia mbili za kwenda kwenye kumbukumbu, na kipande kimoja kinaacha njia moja tupu. Zote mbili kwa pamoja zinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Moja ni nusu yake. Na kwa kuwa kompyuta ile haina kadi ya picha ya peke yake, hata kioo kinakula kutoka kwenye kumbukumbu hiyohiyo. Alivijaribu vyote viwili mbele yangu kwenye kompyuta yake ya mezani, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya rangi, akanipa wiki mbili za kurudisha. Elfu 40. Nilipomtajia maneno ya mwenzake alicheka tu, akasema, "Kuingia hata msumari unaingia, kaka."

Zilifika Morogoro siku nne kabla dirisha halijafungwa. Yule binti alikuwa ameshamaliza maombi yake kwa nakala alizozifuata Kilosa. Wengine kumi na kitu, kwa hesabu ya mama mdogo, walikwenda steshenari ya ng'ambo ya barabara na hawajarudi mpaka leo. Fedha zangu kwa muuzaji wa kwanza sikuzipata. Ile RAM ya bati jekundu ninayo, nimeitia kwenye pete ya funguo.

Mwezi uliopita mama mdogo alitaka kuiongezea na ile kompyuta ya pili. Hakunituma mimi. Alifungua mfuniko mwenyewe, akanakili maandishi ya stika kwenye karatasi, akaibandika kwa selotepu ubavuni mwa kompyuta, akampigia muuzaji mmoja wa hapohapo Morogoro. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa ameweka simu kwenye spika huku anabana karatasi kwa stepla.

"Itaingia tu, mama," sauti ikasema. "RAM ni RAM."

"Sikukuuliza kama itaingia, baba. Nisomee herufi ya mwisho."

Kimya kidogo. Kitu kikakwaruza.

"Baada ya 12800?"

"Hapohapo."

"Hapa naona R."

"Haya, irudishe kwenye boksi," akasema, akachukua karatasi nyingine ya kustepla. "Utafute yenye U. Nipo mpaka saa mbili usiku."